Ua Moja Linatosha

Nimepanda treni mara nyingi kuliko watu wengi wa umri wangu, na tabia yangu moja haijabadilika. Mkata tiketi akishanirudishia tiketi, naiinua kuelekea dirishani na kulitazama tundu alilolitoboa. Huwa ni tundu la duara tu, halina urembo. Abiria wenzangu hudhani nakagua kama nimepunjwa. Mimi natazama kingo zake, kama zimekatwa kwa pigo moja au zimechanika, kwa sababu kazi hiyo niliwahi kuifanya, na niliifanya vizuri.

Nilifika Dodoma nikiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo. Nilikuwa nimetoka katika shule kubwa ya serikali huko pwani, nina mwandiko mzuri na Kijerumani cha kutosha kuelewa ninapotukanwa. Reli ilikuwa bado mpya. Nilishuka stesheni nikikusudia kukaa wiki moja, kisha niendelee Tabora. Nikakaa mpaka Wajerumani walipoondoka. Hakuna mji mwingine ulionishika hivyo, na ulinishika kwa mambo mawili: binti wa Kigogo kutoka upande wa Hombolo niliyemwoa, na karatasi.

Karatasi zilikuwa za mwanamke wa Kijerumani ambaye sote tulimwita Bibi. Alikuwa na duka karibu na stesheni, na nyuma ya duka kulikuwa na chumba kirefu chenye meza mbili. Humo tulitengeneza karatasi za barua, bahasha, na visanduku vya zawadi kwa ajili ya Wazungu wa reli, wa boma na wa mashamba. Ilipokaribia Krismasi walivinunua vyote. Walitia ndani shanga, manyoya ya mbuni, wengine hata kichupa cha udongo mwekundu wa Dodoma, wakawapelekea mama zao ng'ambo.

Urembo wote ulitoka katika vyuma vinne. Kila kimoja kilikuwa na urefu wa kidole cha kati, mwisho wake umenolewa kwa umbo lake: ua la petali tano, nyota, moyo, na jani. Unaweka karatasi juu ya kipande cha madini laini ya risasi kilicholazwa bapa, unasimamisha chuma, unapiga kwa nyundo ya mti. Pigo moja. Ukipiga la pili, chuma kimekwisha kusogea kidogo bila wewe kuona, na ukingo unatoka na meno. Kisha nyuma ya tundu unabandika karatasi ya rangi, buluu au nyekundu, ili ua lionekane kama limechorwa. Gundi tuliichuma wenyewe kwenye migunga, tukailoweka usiku kucha. Shida ilikuwa hewa. Dodoma wakati wa kiangazi karatasi hukauka ikajikunja kama jani la tumbaku, kwa hiyo tuliifunika kwa kitambaa kibichi, tukikinyunyizia maji kila mara.

Aliyenifundisha hayo alikuwa fundi mzee, Mrangi kutoka Kondoa. Kabla ya Bibi alikuwa fundi wa ngozi, akishona ala za visu na vifuko vya hirizi. Alikuwa mswalihina, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko vyuma vyetu.

Siku yangu ya kwanza nilipiga chuma mara tatu. Akaiinua karatasi akanitazama kupitia lile tundu.

"Huko chuoni kwenu walikufundisha kutoboa au kutafuna?"

"Nitazoea, mzee."

"Utazoea. Panya naye alianza hivyohivyo."

Nilizoea. Mwaka wa pili Bibi aliniachia ua peke yangu, kwa sababu ndilo gumu zaidi. Petali zake zina pembe za ndani ambazo hupasuka upesi. Nayaandika haya nikijua kwamba nayaonea fahari, na kwamba fahari hiyo ina deni la mtu.

Vita vilipoanza, mume wa Bibi aliitwa jeshini na meli zikaacha kuja. Hakuna aliyenunua tena visanduku. Lakini boma lilikuwa likihitaji karatasi kuliko wakati wowote, maana lilikuwa likichukua ng'ombe, nafaka na watu, na kila kilichochukuliwa kilitolewa cheti. Fomu zilizopigwa chapa ziliisha. Bwana mmoja wa boma akaja kuchukua akiba ya Bibi, karatasi zetu nzito za barua, zikakatwa vipande vya ukubwa wa kiganja na kugongwa muhuri. Tatizo likawa askari, kwa sababu wengi wao hawakujua kusoma. Bibi ndiye aliyetoa shauri: vyuma vyake viseme badala ya maandishi.

Hivyo ndivyo urembo wetu ulivyopata kazi. Moyo ulimaanisha kwamba nyumba hii imekwisha kutoa nafaka. Jani, mtu huyu ana ruhusa ya kusafiri. Nyota, huyu ni mpagazi, na akionekana mbali na msafara akamatwe. Na ua lilimaanisha: mwacheni. Mwenye ua alikuwa akichunga ng'ombe wa boma au ana kazi nyingine waliyoihitaji, asitiwe kamba. Bibi alilichagulia ua kazi hiyo kwa kuwa alilipenda kuliko yote. Askari walijifunza alama hizo kwa siku moja. Walizitambua hata kwa kupitisha kidole gumba.

Upagazi wa vita haukuwa upagazi wa misafara ya zamani, ambao watu waliuendea kwa hiari na nyimbo. Watu walifungwa kamba shingoni wakiwa bado mashambani. Waliokwenda hawakurudi, au walirudi mmoja katika wengi, akiwa hawezi kunyoosha mgongo. Mke wangu alikuwa na kaka mmoja tu. Baba yao alikuwa amekufa zamani, na nyumba yao, na mama yao, na ng'ombe wachache waliobaki, vyote vilisimama juu ya mtu huyo. Alikuwa kijana mrefu, mpole, masikio yametogwa na ndewe zimevutwa kwa desturi ya kwao mpaka zinagusa taya. Mke wangu hakunisumbua kwa maneno mengi. Alisema mara moja tu, akichambua mboga: "Mikono yako ndiyo inayotoboa. Mtobolee na kaka yangu."

Vyeti vililetwa kutoka boma vikiwa na muhuri tayari, nasi tulitoboa idadi tuliyoambiwa. Vilivyoharibika vilirudishwa. Siku moja kimoja kilichanika kona, kidogo tu, na fundi mzee akakitazama, akanitazama, akageukia dirishani kuswaki meno kwa kijiti ambacho hakikuwa na kitu cha kuswaki. Nikakiweka kifuani. Adhuhuri, Bibi alipokwenda kula, nikakipiga ua. Pigo moja. Sijawahi kupiga jingine zuri kama lile.

Hapo ndipo ningeweza kukikunja tu na kazi ikaisha. Lakini mkono wa fundi una ujinga wake. Nilitafuta kipande cha karatasi ya zamani, nikatengeneza bahasha, mdomo wake wote nikauzungushia maua madogo, nyuma nikabandika buluu. Nikakitia cheti, nikaifunga kwa gundi. Nilijiambia kwamba bahasha itakilinda na vumbi na jasho. Ukweli ni kwamba nilitaka kumpa shemeji yangu kitu kizuri.

Alikuja siku mbili baadaye, kwenye mlango wa nyuma, na kibuyu cha maziwa ya mgando kutoka kwa mama yake. Bibi alikuwa dukani mbele, namsikia akisogeza viti. Sikuwa na nafasi ya maneno mengi. Nikampa bahasha.

"Shemeji, akija askari, mpe hii. Usiifungue wewe. Ndani mna ua."

Akaipokea kwa mikono miwili, kama inavyopasa.

"Ua?"

"Ua. Ni moja tu, lakini moja linatosha."

Akaitazama bahasha, pande zote mbili.

"Dada yangu anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye aliyeomba."

Kati ya shemeji na shemeji kwao kuna adabu, mtu haulizi sana. Akasema, "Haya, shemeji," akaniachia kibuyu, akaondoka kwa mwendo wake mrefu, bila kugeuka.

Fundi mzee hakuinua uso kwenye kazi yake. "Umesema naye kwa lugha gani, mtu wa chuo?"

"Kiswahili."

"Kiswahili cha nani?"

Nilicheka. Nilidhani ananitania kwa lafudhi yangu ya pwani, kama kawaida yake. Nikanywa maziwa, nikampa naye.

Masika ilipita. Vyeti vya ua vya kughushi vilianza kuonekana vijijini, vimekatwa kwa kisu na watu waliokata tamaa, na boma likaamuru kwamba chuma cha ua kisilale tena dukani. Kila tulipomaliza kazi yake, Bibi alikifunga kwenye leso na kukipeleka boma kwa mkono wake. Sisi tulibaki na nyota, moyo na jani.

Asubuhi moja msafara wa wapagazi uliletwa kutoka upande wa mashariki, ukapumzishwa karibu na kisima cha stesheni kabla ya kushika njia ya Kondoa, ambako kulikuwa na mapigano. Nilikwenda kuchota maji ya kitambaa chetu. Walikuwa wamekaa chini kwa mstari, kamba inapita shingo hadi shingo, kila mmoja na mzigo wake mbele ya magoti. Nilizijua zile ndewe kabla sijauona uso.

Nikaweka ndoo chini. "Shemeji. Cheti kiko wapi?"

Aliniangalia kama mtu anayeangalia jua, macho ameyafinya.

"Kiko nyumbani."

"Kwa nini hukukitoa? Askari walipokuja, kwa nini hukuwapa?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, neno hapa neno pale, na alikipanga polepole. "Mimi nimekula kwako. Dada yangu yuko kwako. Kwa nini uliandika waniue?"

Sikuelewa. Nikamwambia sikuandika neno hata moja.

"Ulisema. Ndani mna ua. Mpe askari. Moja inatosha." Akaisogeza kamba shingoni. "Na dada alijua."

Nimefikiri juu ya jambo hilo kwa miaka mingi, na sasa naweza kulieleza kwa utulivu, ingawa pale kisimani lilinijia lote kwa mara moja. Kiswahili nilikipata mapajani kwa mama yangu na baadaye darasani. Kwangu neno hilo lilikuwa kwanza kitu kinachochanua. Yeye alikipata wapi? Kwa wenye misafara na kwa askari. Lete. Beba. Kaa. Simama. Piga. Ua. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake na kumwambia habari za maua kwa Kiswahili. Nani angemwambia, na kwa shida gani? Neno hilo alilijua vizuri sana, na maana aliyoijua ilikuwa ya kweli. Alikuwa ameona likitumika.

Nilimwambia, ua, kitu cha mti, kitu kizuri, nikafanya ishara kwa vidole, kama petali zinavyofunguka. Wenzake kwenye kamba walinitazama. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuonekana mpumbavu kuliko mimi asubuhi ile. Yeye alitazama vidole vyangu, na nikaona anajaribu.

Askari mlinzi akaja. Nilimwamkia, nikamwambia mtu huyu ana cheti cha ua.

"Kiko wapi?"

"Nyumbani kwake."

"Basi cheti cha nyumbani kitawaokoa walioko nyumbani."

"Nipe muda nikuletee kingine."

"Maji wakimaliza kunywa, tunaondoka. Kimbia kama unakimbia."

Nilikimbia. Fundi mzee alikuwa peke yake chumbani. Nilivuta droo, nikaona nyota, moyo, jani, na shimo tupu ambamo ua hukaa.

"Liko boma tangu jana," alisema. "Kuna nini?"

Nilimwambia kwa maneno matano. Hakutania. Alichukua kisu chake cha ngozi, akanoa mara mbili juu ya kiganja, akavuta cheti kimoja chenye muhuri kutoka kwenye kifungu kilichokuwa kinangoja, akaanza kukata. Hakuna mkono katika Dodoma yote uliokuwa thabiti kama ule. Alikata petali tano kwa jicho. Lilikuwa ua zuri. Lilikuwa na uhai kuliko yale ya chuma, petali moja imelala kidogo kuliko nyingine, kama yalivyo maua yenyewe.

Nilipofika kisimani walikuwa wamesimama na mizigo vichwani. Nikampa askari. Hakukitazama. Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, taratibu, duara zima.

"Hili limechongwa," akasema. "Ua la serikali halichongwi, linapigwa."

Akakichana mara mbili, akanirudishia vipande.

"Ningekutia kamba wewe mwenyewe," akasema, "lakini nimeitazama mikono yako. Haitafika hata Haneti."

Msafara ukaondoka. Shemeji yangu hakuniita wala hakugeuka. Sijui kama alikuwa amenielewa. Nilitaka sana, na hata sasa nataka, kwamba alikuwa amenielewa walau nusu.

Mwanzo wa kiangazi mtu mmoja wa kijiji chao aliponyoka, akarudi kwa njia za porini. Alisema kijana wetu alishikwa na tumbo la damu karibu na Kondoa, akalala kando ya njia, na mzigo wake akapewa mwingine.

Nilimpeleka mke wangu kwao. Habari ya lile neno nilimweleza njiani, tukiwa tunatembea, kwa sababu ni rahisi kusema jambo kama hilo bila kutazamana. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alikijulia nyumbani kwangu, na maana zote mbili alizijua. Tulitembea mpaka jua likawa utosini, na tulipopumzika alikaa upande wa pili wa mti.

Mama mkwe wangu alitupokea mlangoni pa tembe. Kwa desturi sikupaswa kumkabili wala kusema naye moja kwa moja. Nilikaa kwa upande, uso chini, maneno yakapita kwa mke wangu. Baada ya kilio mama aliinuka, akapeleka mkono kati ya miti ya dari, chini ya udongo wa paa, akatoa bahasha yangu. Ilikuwa imefungwa bado. Kijana alimwambia ni karatasi mbaya, lakini hakutaka kuichoma, kwa kuwa ilitoka kwa mume wa dada yake. Maua madogo ya mdomoni yalikuwa hayajachanika hata moja. Buluu ilikuwa buluu.

Mke wangu akaifungua. Akakitoa cheti. Lile ua kubwa lilisimama katikati yake, na nuru ya mlango ikapita ndani yake ikaangukia sakafuni, petali tano.

Mama akauliza kitu. Mke wangu akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mama anauliza, hiki kinasema nini?"

Kigogo changu kilikuwa cha salamu na cha maziwa. Miaka ile yote pale, na sikujua jina la ua kwa lugha ya watu walionipa mke. Sikuwahi kuuliza. Nilitazama nje nipate la kuonyesha kwa kidole, na nje kulikuwa na vumbi, miiba, na mashina ya mtama yaliyokauka. Nchi ile mwezi ule haina hata moja.

"Mwambie ni ua," nikasema.

Mke wangu alikaa na cheti mapajani. Alikaa muda mrefu, mpaka nikasikia ng'ombe mmoja akijikuna kwenye ukuta wa nyuma. Kisha akamwambia mama yake neno moja la Kigogo, fupi, wala hakuongeza lingine. Mama alilipokea bila kubadilika uso. Akanyoosha mkono, akakichukua cheti, akakirudisha darini.

Kesho yake nilirudi Dodoma peke yangu. Mke wangu alisema atakaa na mama yake mpaka mvua, na mvua zilipokuja Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka, Bibi pia, na vyuma vyake sijui viliishia wapi. Fundi mzee alirejea kwao Kondoa. Nami nikapanda treni. Nimekaa Tabora, nimekaa Kigoma, nimekaa Kilosa na Morogoro, na nimepita Dodoma mara nyingi zaidi ya mahitaji yangu.

Neno alilolisema mke wangu nalikumbuka, sauti yake yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Treni inaposimama Dodoma, wanawake wa Kigogo huja dirishani kuuza karanga na mayai, nao Kiswahili wanakijua. Ningeweza kumwuliza yeyote kati yao lina maana ipi kati ya zile mbili. Huwa nanunua karanga.